Tope la Mirihi: Hotuba kwa Walimu na Wanafunzi wa Mbale, Uganda

Waheshimiwa wazee wetu, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi ambao wengine mmekosa viti mkasimama madirishani, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nieleze kama uhai uliwahi kuwapo, kama upo sasa, au kama utakuwapo kwenye sayari nyingine, hasa Mirihi, ile ambayo Kiingereza huiita Mars. Nimeombwa pia nieleze kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wa rika langu hapa tuliisikia kwanza sokoni, kambini na redioni, miaka mingi kabla haijaingia darasani. Mezani mbele yangu nimeweka kitu kimoja tu, donge la tope kavu nililolichukua jana kwenye ukingo wa mto Manafwa. Wanaojiuliza mwalimu mstaafu ameleta uchafu wa nini ukumbini, naomba mnivumilie kidogo.

Wenye umri kama wangu mnaikumbuka tarehe 14 Agosti 1992. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini alasiri anga la Mbale lilipopasuka kwa ngurumo ambayo haikuwa ya mvua, kisha mawe yakamwagika juu ya mji na vijiji vya jirani, katika eneo la urefu wa kilomita saba hivi na upana wa kilomita tatu. Kipande kimoja kisichofika gramu nne kiligonga kwanza majani ya mgomba, kikapunguza kasi, kisha kikamwangukia mvulana kichwani bila kumdhuru. Wapo waliosaga mawe yale wakayala kama dawa, kwa kuwa zama zile Ukimwi ulikuwa unamaliza nyumba nzima, na mimi simcheki mtu aliyekuwa anatafuta tumaini popote alipoweza kulipata. Wataalamu walipoyachunguza walikuta ni vimondo vya aina ya kawaida, vipande vya miamba midogo inayozunguka jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, vyenye umri unaokaribiana na umri wa jua lenyewe. Havikutoka kwenye sayari yoyote, wala hatuna sababu ya kudhani kwamba vilibeba uhai.

Lakini mawe ya Mirihi nayo yameanguka Afrika. Mwaka 1911 yalianguka Nakhla, Misri, na mwaka 1962 jiwe la kilo 18 likaanguka shambani huko Zagami, Nigeria. Mtu anaweza kuuliza tunajuaje kwamba yametoka Mirihi, na ni vizuri aulize. Mirihi inapogongwa na kimondo kikubwa, vipande vya mwamba wake hutupwa juu kwa kasi ya kutosha kuuhama mvuto wa sayari, vikatangatanga angani kwa mamilioni ya miaka, na vichache huishia kwetu. Ndani ya baadhi ya vipande hivyo zimenaswa chembe za gesi, na gesi hiyo ilipopimwa ililingana na hewa ya Mirihi kama ilivyopimwa palepale na vyombo vya Viking mwaka 1976. Kwa hiyo tunaposema Mirihi ni mbali, tukumbuke kwamba vipande vyake vimeshafika katika bara hili.

Jina lenyewe, Mirihi, tulilipokea kutoka kwa Waarabu pamoja na Zuhura, Mshtarii na Zohali, na mabaharia wa pwani walizijua nyota hizo kabla hatujawa na ramani za kuzichora. Mirihi huonekana kwa macho matupu, nyekundu kama kaa linalofifia, na wekundu huo ni kutu, maana vumbi lake limejaa chuma kilichoungana na oksijeni. Kipenyo chake ni kama nusu ya kipenyo cha dunia. Siku yake ina saa 24 na dakika 39, jambo ambalo kila mwalimu wa jiografia hulifurahia, lakini mwaka wake ni siku zetu 687. Hewa yake ni kaboni dayoksaidi kwa asilimia 95, nayo ni nyembamba mno, kwani mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya ule unaotukandamiza hapa. Wastani wa baridi yake ni nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji ukiyamwaga pale hayadumu, yataganda au yatatoweka kuwa mvuke kabla hujayakinga.

Kuhusu viumbe wa Mirihi wa hadithi, sitapoteza muda wenu mwingi. Mwaka 1877 Mwitaliano Giovanni Schiaparelli alichora mistari aliyoiona kwa darubini, akaiita kwa neno la lugha yake linaloweza kumaanisha mikondo ya maji. Waliolihamishia kwenye Kiingereza wakachagua neno la mifereji ya kuchimbwa, na Mmarekani Percival Lowell akatumia miaka ya maisha yake kuwatetea wachimbaji ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Nawataja hasa kwa ajili ya wanafunzi wanaosomea ukalimani, ili wajue neno moja likiteleza linaweza kufika wapi. Mwezi Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na sayari hiyo, kikatuma picha kama ishirini za ardhi kavu yenye mashimo, na mifereji ikaishia hapo. Miaka sita baadaye Mariner 9 ilikaa kwenye mzingo wa Mirihi na kupiga picha eneo kubwa zaidi, na katika picha hizo yakaonekana mabonde ya mito iliyokauka. Hiyo ndiyo habari iliyobadilisha swali. Tangu siku hiyo watafiti wameacha kuuliza ni nani anayeishi Mirihi, wakaanza kuuliza maji yale yalipopungua kasi yaliacha nini.

Sasa nalichukua donge langu. Kila mmoja wetu anajua kazi ya mto uliochafuka. Manafwa hushuka Mlima Elgon, ambao wenyeji tunauita Masaba, ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya kahawa na ya migomba, na kadiri unavyoingia kwenye tambarare ya Butaleja ndivyo unavyochoka. Mto uliochoka hutua mizigo yake kwa utaratibu, mawe kwanza, kisha mchanga, na mwisho kabisa tope laini kama unga. Wakulima wa mpunga wa Doho wanalijua tope hilo kwa migongo yao, kwa kuwa mifereji yao huzibwa nalo na ni lazima walizoe. Wao huliona kama adui. Mtafuta uhai wa kale huliona kama sanduku, kwa sababu tope laini likifunika jani, mdudu au bakteria aliyekufa, huifungia hewa nje, na kilichofunikwa huoza polepole sana au kisioze kabisa. Hapa duniani baadhi ya alama kongwe za uhai, za umri wa miaka bilioni 3.5 hivi, zimehifadhiwa katika matabaka ya mashapo yaliyogeuka mwamba huko magharibi mwa Australia.

Katika umri huohuo Mirihi ilikuwa na mito. Ilikuwa na hewa nzito zaidi, na mwanzoni kabisa ilikuwa na ngao ya sumaku kama ya dunia, ambayo huukinga uso wa sayari na upepo wa jua. Ngao hiyo ilizimika miaka bilioni nne hivi iliyopita, na tangu hapo jua limekuwa likiipeperusha hewa ya Mirihi kidogo kidogo. Chombo cha MAVEN, kilichofika huko mwaka 2014, kimeupima upotevu huo ukiendelea hata leo. Maana yake ni kwamba dirisha la uhai lilikuwa wazi pale kwa muda fulani, wakati uleule uhai ulipokuwa unaanza kwetu, kisha likafungwa.

Roboti ya Curiosity ilitua mwaka 2012 ndani ya kreta ya Gale, yaani shimo kubwa lililochimbwa na kimondo. Ilipotoboa mwamba wa tope ilikuta udongo wa mfinyanzi uliotengenezwa na maji yasiyokuwa na chumvi nyingi wala asidi kali, pamoja na kaboni, naitrojeni, fosforasi na salfa. Kwa maneno mengine palikuwa na ziwa ambalo bakteria wa hapa kwetu wangeweza kuishi ndani yake. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba katika mwamba huohuo ilipatikana minyororo ya kaboni yenye atomu 10, 11 na 12, ambayo huenda ni mabaki ya asidi za mafuta, zile zinazojenga utando wa seli za viumbe hai. Nasema huenda, na neno hilo nitalitumia tena.

Tarehe 18 Februari 2021 roboti nyingine, Perseverance, ilitua katika kreta ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45, mahali palipochaguliwa kwa sababu moja kubwa: kuna mto uliokauka unaoingia kwenye kreta hiyo, na penye mdomo wake pana delta, yaani lundo la tope lililotuliwa na mto uliochoka. Pale ni Butaleja ya Mirihi, kama mtaniruhusu. Julai 2024, katika bonde la mto huo, roboti ilikuta mwamba wa umbo la ncha ya mshale, usiozidi mita moja, wenye madoa madogo meupe yaliyozungushiwa ukingo mweusi. Wanasayansi wenyewe waliyaita madoa ya chui. Ndani ya kingo hizo kulikuwa na chuma na fosfeti, na uchambuzi uliochapishwa Septemba 2025 ulionyesha kuwa madini yanayofaa zaidi kueleza vipimo hivyo ni vivianiti, ya chuma na fosfeti, na grigiti, ya chuma na salfa. Kuzunguka madoa hayo kulikuwa na kaboni ya aina inayohusiana na vitu hai, ingawa nayo pia inaweza kutengenezwa bila uhai.

Kwa nini madini hayo yalileta msisimko? Mtu aliyekanyaga kinamasi cha Namatala akatoa mguu wenye tope jeusi linalonuka yai viza ameshakutana na jibu. Chini ya maji yaliyotuama hakuna oksijeni ya kutosha, na bakteria wa pale hula majani yaliyooza huku wakitumia chuma na salfeti mahali ambapo sisi tungetumia oksijeni. Kazi yao hiyo hubadilisha chuma, hutoa harufu ile, na huacha madini ya namna hii hii. Madini hayo yanaweza pia kutengenezwa na kemia tupu, lakini kwa kawaida kemia hiyo huhitaji joto kubwa, na mwamba ule hauonyeshi dalili ya kupikwa. Hapo ndipo tulipofika. Tuna dalili, nayo ni nzuri kuliko zote zilizowahi kupatikana, ila haijafikia kuwa ushahidi wa kumfunga mtu.

Vijana huniuliza kwa nini wanasayansi ni waoga kiasi hicho. Mimi siwaoni waoga, naona wameungua mara mbili. Mara ya kwanza ni mwaka 1976. Vyombo viwili vya Viking vilitia chakula chenye kaboni nururishi ndani ya udongo wa Mirihi, na gesi ikatoka, kana kwamba kuna kitu kilichokula kikapumua. Udongo ulipopashwa joto kali kwanza, gesi haikutoka, kana kwamba walaji wamekufa. Gilbert Levin, aliyebuni jaribio hilo, aliendelea kuamini kwa maisha yake yote kwamba aligundua uhai. Lakini kifaa kingine, kilichotafuta kaboni ya viumbe katika udongo uleule, hakikuona kitu cha maana, na wengi wakasema hakuna mwili, basi hakuna mtu. Halafu mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta udongo wa Mirihi una chumvi ziitwazo pakloreti, ambazo zikipashwa joto huiunguza kaboni yote iliyo karibu. Kifaa cha Viking kilikuwa kinapasha joto. Yaani inawezekana kabisa kwamba mpimaji alikiteketeza kile alichotumwa kukipima. Wakati huohuo chumvi za namna hiyo zinaweza pia kuchangia kueleza ile gesi bila kumhusisha kiumbe yeyote. Kesi ile haikufungwa kwa upande wowote.

Mara ya pili ni mwaka 1996, pale kimondo cha Mirihi chenye uzito wa kilo mbili hivi, kilichookotwa Antaktika mwaka 1984, kilipotangazwa kuwa kina vitu vinavyofanana na visukuku vya bakteria. Rais Bill Clinton alisimama nje ya Ikulu ya Marekani akalizungumzia jambo hilo. Katika miaka iliyofuata kila dalili iliyotajwa ilipatiwa maelezo mengine yasiyohitaji uhai, na leo ni wachache wanaoitetea. Ndiyo maana anayeleta dai jipya hutakiwa kwanza ayaondoe maelezo mengine yote, moja baada ya jingine, na hapo mwenye haraka hukata tamaa.

Kuhusu uhai wa sasa nina machache. Juu ya uso wa Mirihi mionzi ni mikali, baridi ni kali na udongo una sumu, kwa hiyo kama kuna kilicho hai kitakuwa chini. Hilo si jambo la ajabu kwa Waafrika. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini ya ardhi, walipatikana bakteria wasiotegemea jua kabisa, ambao chakula chao kinatokana na haidrojeni inayozalishwa na mionzi ya urani ndani ya mwamba. Ziwa Katwe, kule Kasese, halina samaki kwa wingi wa chumvi, lakini vijidudu wanaoipenda chumvi huishi katika maji ya namna hiyo. Katika chemchemi za Sempaya wageni huchemsha mayai, na ni katika chemchemi za moto kama hizo, huko Marekani, alikopatikana bakteria ambaye kimeng'enya chake kiliwezesha vipimo vya maabara tulivyovitegemea wakati wa Covid. Kwa Mirihi yenyewe, uchambuzi wa mitetemo iliyopimwa na chombo cha InSight, uliotolewa mwaka 2024, unaashiria kuwa huenda kuna maji kwenye nyufa za mwamba kati ya kilomita 11.5 na 20 chini ya ardhi. Methani, gesi ambayo vijidudu wanaweza kuitoa, iliyonuswa na Curiosity bado ni fumbo, kwa kuwa chombo cha Ulaya kinachozunguka sayari hiyo hakikuiona. Hakuna anayeweza kuchimba kilomita 11 huko katika maisha yangu. Roboti ya Ulaya iitwayo Rosalind Franklin, iliyopangwa kurushwa mwaka 2028, itachimba mita mbili.

Nafika kwenye uhai wa baadaye, na hapa natofautiana na wengi. Uhai wa baadaye wa Mirihi unaozungumzwa ni sisi. Watu wanapanga kwenda huko, safari ya miezi saba hivi, na kifaa kiitwacho MOXIE kimeshaonyesha kwamba oksijeni inaweza kutengenezwa kutoka kwenye hewa ya pale: kilitoa gramu 122 kwa jumla, ambazo mtu mmoja angezimaliza kwa saa tatu na nusu. Wapo wanaosema tuipashe joto sayari nzima iwe kama dunia; utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kaboni dayoksaidi inayoweza kufikiwa kule haitoshi kwa kazi hiyo. Mambo hayo hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mwili wa mwanadamu ni mji wa bakteria. Chombo cha Viking kilipikwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 110 kabla ya kuondoka ili kisipeleke kijidudu hata kimoja, lakini mtu hapikwi. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unazitaka nchi ziepuke kuichafua miili mingine ya angani, ila mkataba haufungi mkoba wa msafiri. Tukishatua na vijidudu vyetu, halafu mtoto wa mtoto wako akakuta bakteria chini ya jiwe, atamtambuaje kuwa ni mwenyeji au mgeni aliyefika na kiatu cha babu yake? Hivyo haya maswali matatu ya jana, leo na kesho hayatenganiki, kwa kuwa tunaweza kulifuta jibu la jana kwa haraka ya kesho. Mimi ningeomba watu wasubiri mpaka tope lisomwe kwanza.

Nalo limeanza kukusanywa. Perseverance ilitoboa ule mwamba wa madoa ya chui ikachukua kipande cha ukubwa wa kidole, ikakifunga ndani ya mrija wa chuma. Mrija huo bado uko Mirihi. Mwaka 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikiri kwamba mpango uliokuwapo wa kuirudisha mirija hiyo ungegharimu hadi dola bilioni 11 na usingekamilika kabla ya mwaka 2040, ikaanza kutafuta njia nyingine. China nayo imepanga kurusha chombo mwaka 2028 hivi, ili kilete udongo wa sehemu nyingine ya sayari hiyo. Wanafunzi mlio kidato cha pili, pigeni hesabu ya umri mtakaokuwa nao. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, iliundwa na vijana watatu wa Uganda waliopelekwa Japani kujifunza, na huenda walipokuwa kidato cha pili hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kazi hiyo ipo.

Nimemaliza, nami niko tayari kwa maswali. Lile donge nimeliacha mezani pamoja na kisu kidogo. Anayependa aje alipasue taratibu kwa ubavu, ahesabu matabaka, na akikuta kipande cha jani ndani yake anionyeshe.